Kifimbo cha Mninga

Mwajuma mwanangu,

Mama yako alikufa. Alianguka kibarazani Jumatano asubuhi, anasukuma chapati za wateja, na tulipomfikisha hospitali alikuwa ameshakufa.

Nimeanza na hilo kwa sababu humu ndani hatujawahi kulisema. Mwaka wa pili huu tunazunguka. Mara "alipotutoka", mara "tangu ile siku". Wewe unasema hivyo ukiniangalia usoni kama nitaanguka na mimi. Sianguki. Nimeliandika na bado nimekaa, kalamu ninayo, chai ninayo.

Umeenda kusuka kwa shangazi yako, na najua mkishaanza kupiga soga hurudi mpaka isha. Ndiyo maana naandika sasa. Barua nitaiweka ndani ya begi, chini, na utaikuta ukishafika Iringa. Ukiwa hapa mbele yangu siwezi. Nitakwambia "kula ulale" na yatakuwa yameishia hapo.

Mambo ya sweta, baridi, nani umwamini na nani usimwamini hapo chuoni, shangazi yako ameshakwambia mpaka umechoka. Mimi sina la kuongeza. Nimeishia la saba, maisha yangu yote nabeba mizigo Kariakoo, ya uuguzi siyajui. Nataka nikwambie habari ya kifimbo. Unakijua nusu. Nusu nyingine nilikuficha.

Unakumbuka arobaini ya mama yako. Shangazi akatoa vitu nje, nguo, viatu, vyombo, akaniuliza, "Kaka, hivi tunagawaje?" Mimi nikasema, "Toeni vyote." Nilitaka chumba kiwe cheupe. Nilikuwa sitaki nikifungua macho nione kanga yake kwenye msumari. Basi wakagawa. Bi Mwanaidi, yeye ndiye aliyemwosha marehemu, akapewa kanga na lile boksi la jikoni kama lilivyo. Hakuna aliyefungua kuangalia mna nini.

Siku chache baadaye ukakanda unga. Ukageuka kutafuta kifimbo cha kusukumia. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikakuona unainua kibao, unaangalia chini ya meza, unaangalia nyuma ya jiko la mkaa. Halafu ukasimama. Hukuniuliza. Ukachukua chupa ya soda ukasukumia hiyo, na machozi yanadondokea kwenye unga.

Msibani watu walisema "Mwajuma kajikaza." Ulilia kwa ajili ya kifimbo.

Kukiomba haikuwezekana, unajua mwenyewe. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya marehemu hakirudishwi. Ningeenda kwa Bi Mwanaidi kusema nini? Nipe kijiti changu? Nikasema basi, nitapata kingine kama kile.

Nikaenda Ilala kwa fundi Joeli, yule anayekereza miguu ya meza. Ana mashine yake, mbao inafungwa katikati ya ncha mbili inazunguka, yeye anaweka patasi inatoka duara. Nikamwambia nataka kifimbo cha chapati. Akacheka.

"Mzee, mimi nachonga miguu ya meza. Nizime kazi nikutolee kifimbo kimoja? Ingia sokoni, vimejaa."

"Si kama ninachotaka."

"Unachotaka kikoje?"

"Cha mke wangu."

"Sasa si umlete mwenyewe aje achague!"

Nikamwambia, "Amekufa."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema hilo neno. Kwa mtu nisiyemjua, mbele ya mashine, vumbi limenijaa mdomoni. Joeli akazima mashine. Akafuta mikono. Akasema, "Basi simama pale. Angalia. Usiguse kitu." Nikasimama mpaka jioni. Kesho yake baada ya kazi nikaenda tena. Na keshokutwa.

Wewe ulidhani nimeanza pombe. Najua. Ulikuwa unaninusa nikirudi. Ulikuta harufu ya mbao za mninga.

Mashine yangu unaijua ilivyotengenezwa, ila hujui nilivyoipenda. Mota ya mashine ya kufulia niliipata kwa wauza spea hapa hapa mtaa wa Gerezani, imefungwa waya kama mgonjwa. Mkanda wa cherehani. Chuma cha chini nilichomelewa na jirani yao. Mzee Awadhi mwenye nyumba akanipa ile stoo chini ya ngazi, akatoa mandoo yake mabovu, akasema, "Humo hata paka hageuki, Shomari. Utafanyia nini?" Nikamwambia sigeuki, nasimama tu. Na kweli. Nikiinama kichwa kinagonga ngazi, kiwiko kinagonga ukuta. Mtu akishuka kutoka juu, vumbi linanidondokea shingoni.

Siku ya kwanza nimewasha, nyumba nzima ilitetemeka. Mzee Awadhi akaja na kanzu yake nyeupe.

"Shomari! Unachonga mti au unanisagia nyumba?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, lakini marahaba haizuii vumbi. Na umeme wa luku unakimbia kama umeona mgambo!"

Tukapatana. Nisiwashe wakati wa swala, nisiwashe akilala mchana, na luku naongeza mimi. Akageuka kuondoka, mgongo wa kanzu umekuwa wa kahawia. Sikumwambia.

Sasa nikwambie kosa langu. Mimi ni kuli. Kuli anajua kitu kimoja, unaweka mwili. Belo la mitumba halisogei kwa kuombwa. Unaegemea, unasukuma, unapiga kelele watu wapishe. Basi na mbao nikaifanya hivyo. Nimeshika patasi nimeegemea kama naingiza belo dukani. Mbao ikaidaka patasi, ikanipiga mkono, ikachomoka, ikaenda kugonga ndoo. Nikaweka nyingine. Nikasukuma zaidi. Ikachomoka.

Nikampelekea Joeli vile vipande avione. Akavigeuza geuza.

"Unaisukuma?"

"Naisukuma."

"Hili si belo, mzee. Mbao ndiyo inayokuja. Wewe weka patasi tu, iegemeze kwenye chuma, subiri ikufikie. Na unoe! Hii yako haikati, inakwangua."

Kusubiri ikufikie. Ilinichukua muda mrefu kujua maana yake. Miaka yote hii nikiona kitu hakiendi naongeza nguvu. Mama yako akinuna naongeza sauti. Wewe ulipofeli hesabu nikaongeza mkanda, unakumbuka, na hesabu haikuja. Nisingekuwa na ile mashine ningekufa bila kujua kuna vitu ukivisukuma ndiyo vinakimbia.

Basi nikatoa kifimbo cha kwanza. Kimenyooka kama nondo. Nikakupa. Ukasukuma. Chapati ikakaa pale pale, ikarefuka upande mmoja.

"Baba, hii ni ramani ya Kongo."

"Kifimbo si kimenyooka?"

"Kimenyooka sana. Cha mama kilikuwa kinaizungusha chapati yenyewe. Alikuwa haigusi. Anasukuma tu, chapati inazunguka."

Na mimi nikasema eti kweli, nakumbuka. Tukakaa tunabishana kilikuwaje. Wewe ukasema kilikuwa kinene katikati, chembamba miisho yote miwili, sawa sawa, kimenyooka kabisa. Mimi nikasema kilikuwa cheusi zaidi. Tuliongea kuhusu mama yako jioni nzima. Ilikuwa mara ya kwanza, na hatukujua kuwa tunaongea kuhusu yeye. Tulidhani tunaongelea kijiti.

Nikatoa vingine. Chembamba miisho, kinene katikati. Kimoja kinene sana, ukasema hicho ni cha kufukuzia mwizi. Kimoja kilipasuka, mbao ilikuwa mbichi. Kimoja kiliungua kwa patasi butu, kikanuka moshi, chapati nazo zikanuka moshi. Zote tulikula. Kila kifimbo ukikitia unga unaniangalia, mimi nakuangalia, chapati inakataa. "Bado, baba." Nikikuudhi unasema, "Nenda kazini kwako chini ya ngazi."

Halafu ikaja ile ya tupa. Nilikosa patasi nzuri, nikachukua tupa ya zamani ya kunolea mapanga nikainoa ncha. Ilikuwa kali kuliko zote. Nikajiona fundi. Nikawasha, nikaweka, ikakatika katikati kama kigae. Kipande kikapita karibu na sikio langu kikazama mlangoni. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya mlango umeniletea maji.

Hukupiga kelele. Uliangalia ile ncha imetokeza upande wako, ukaniwekea maji chini, ukasema, "Siku nikiondoka utajiua humu."

Joeli aliponisikia alinifokea kuliko wewe. "Tupa ni kioo, mzee! Nani amekufundisha?" Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na haraka.

Wiki hiyo hiyo shangazi yako aliniuliza mbona Mwajuma ameacha nafasi ya chuo. Mimi wewe uliniambia majina hayajatoka. Kumbe yalitoka, na lako lilikuwepo, na muda wa kuripoti ukapita umekaa hapa unakanda unga. Nikamwambia shangazi yako nalijua hilo. Nilikuwa silijui.

Nilitakiwa nije nikuulize. Sikuja. Nilikaa chini ya ngazi, mashine imezimwa, na unajua nilisikia nini moyoni? Nilifurahi. Nikasema, basi hataondoka. Atanipikia, atanisema, nyumba itakuwa na mtu. Nikaona aibu baadaye, lakini furaha ndiyo ilitangulia, na siwezi kukuandikia barua halafu nikaificha hiyo. Nilikushika vile nashika mzigo mbaya. Mzigo ukianza kuteleza begani, kuli mjinga anaukumbatia, unaenda naye chini. Mwenye akili anauachia anaruka pembeni. Mimi nawafundisha wenzangu hivyo kila siku pale Kariakoo, na nyumbani nimekukumbatia.

Mwaka huu jina likatoka tena. Safari hii uliniambia mwenyewe, ukiwa umesimama, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Nimepata, baba. Lakini sijaamua." Nikakuuliza unangoja nini. Ukacheka, ukasema, "Siku ukitoa kifimbo kikazungusha chapati kama cha mama, nitaondoka."

Ulisema kwa utani. Mimi sikuchukulia utani. Niliona unaogopa kuniacha na kitu nisichokiweza.

Nikaingia chini ya ngazi kila siku baada ya kazi. Vifimbo vikawa vingi hata Mzee Awadhi akachukua kimoja cha kukunia mgongo. Na chapati haizunguki. Muda wa kuripoti unakaribia, begi lako liko tupu juu ya kabati, na wewe hunisemi tena, unasema tu "kizuri, baba" kabla hata hujakijaribu. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Mtu akiacha kukusema ameshakata tamaa na wewe.

Sasa nusu niliyokuficha.

Ijumaa moja Bi Mwanaidi aliniita. Nilikuwa napita na mzigo wangu wa vipande vya mninga kutoka kwa Joeli. "Shomari, pita unywe chai, unapita pita hapa kama mwizi." Nikaingia uani kwake. Amekaa kwenye kibao chake, anasukuma chapati. Na mkononi ana kifimbo cha mama yako.

Mwanangu, nilisimama nikiwa bado na mzigo begani.

Kimepinda. Kimepinda kama ndizi. Mwisho mmoja mnene, mwingine umeungua kwa mkaa mpaka mweusi. Katikati kina kovu la panga. Si kinene katikati, wala si chembamba miisho. Hakifanani na kitu chochote tulichobishania mimi na wewe.

Nikasema, "Bi Mwanaidi, hicho ndicho?"

"Ndicho kipi?"

"Cha mama Mwajuma."

"Sasa kingine kipi? Hakuna kijiti kibaya kama hiki Dar nzima. Mimi mwenyewe kinanishinda, chapati zangu unaziona." Kweli, za kwake zilikuwa na pembe. "Nilikuwa namwambia marehemu, Zainabu, nunua kifimbo cha maana. Anasema, hapana, nimechongewa na mume wangu."

Nikamwambia mimi sijawahi kuchonga kifimbo.

"Hee! Si wewe uliyekata mpini wa jembe? Mlipohamia hapa, hamna hata kijiko. Umekaa pale kwenye ngazi na panga unakata, na Zainabu anakucheka."

Nikakumbuka. Ilinirudia yote kwa mara moja. Chumba hakina kitanda, yeye anataka kuanza kuuza chapati, mimi nina mpini wa jembe uliovunjika. Nilikata kwa panga, nikasugua na kigae, nikampa. Nikasema nitakutengenezea kizuri baadaye. Na baadaye nikasahau. Akasukumia hicho mpaka siku aliyoanguka.

Nilicheka, Mwajuma. Nilicheka hadi Bi Mwanaidi akashika kifua akasema, "Umepatwa na nini, baba wewe?" Sijacheka vile tangu azikwe. Akataka kunirudishia. "Chukua basi." Nikamwambia hapana, ulichopewa ni chako. Sikukitaka tena. Nilikunywa chai nikala na chapati moja yenye pembe.

Tangu nimpe, mimi na wewe hatukuwahi kukishika kile kifimbo. Ukimkaribia anasema "nipishe, utaniharibia." Tulikuwa tunakiona kikiwa mikononi mwake tu, kinaenda na kurudi, na chapati inazunguka. Tukadhani kazi ilifanywa na kifimbo.

Nikarudi nyumbani nikachukua vifimbo vyangu vyote vilivyoshindwa, nikavipanga chini. Nikaangalia unga ulipogandia. Kwenye vyote umegandia upande wa kulia. Vyote. Kumbe wewe una mkono wa kulia mzito. Unaelemea kulia kama mimi, bega nililobebea maisha yote. Na mimi muda wote nilikuwa nachonga kwa ajili ya mkono wa mtu aliyekufa.

Basi nikaweka mninga. Patasi nimeinoa vizuri. Sikusukuma. Nilingoja mbao inifikie, maranda yakawa yanatoka marefu, laini, kama nywele za mtoto. Upande wa kulia nikaupunguza mapema zaidi, kidogo kidogo, nazima mashine, napitisha kiganja, nawasha. Nikapiga msasa. Nikapaka mafuta ya kupikia.

Ulikichukua huku unasema "kizuri, baba." Ukasukuma mara moja. Mara mbili. Chapati ikasogea. Ukainua mikono kana kwamba imekuuma. Ukasukuma tena, ikazunguka robo, ikazunguka nusu, ikawa duara. Ukaniangalia na unga puani.

"Baba! Kama cha mama!"

Nikasema, "Ndiyo."

Asubuhi yake begi likashuka kutoka juu ya kabati.

Sikutaka kuharibu siku ile. Lakini sitaki uondoke na uongo. Si kama cha mama yako. Hakifanani nacho hata kidogo. Kile kilikuwa kimepinda. Hiki ni cha mkono wako, na mtu mwingine akikitumia atatoa ramani. Nimekifunga ndani ya kanga, kiko ubavuni mwa begi. Chuoni watakucheka, binti amekuja na kifimbo. Wape chapati, watanyamaza.

Na nikwambie kingine. Mama yako alisukumia kile kibovu miaka yote ile. Hakungoja kinyooke ndipo aanze kuuza chapati. Na wewe usiningoje mimi ninyooke. Nitapika vibaya, nitaunguza wali, nitasahau kufua. Nitakuwa hivyo ukiwepo, nitakuwa hivyo usipokuwepo. Nimeuliza moyo wangu leo, nikadhani nitakuta kilio. Nimekuta nafuu. Kama pale ninapoweka belo la mwisho chini, bega linapanda lenyewe.

Usinipigie kila siku kuniuliza nimekula. Piga ukiwa na habari. Ukishindwa kitu huko, usiongeze nguvu haraka, kwanza angalia unga umegandia upande gani. Na mkono wako wa kulia ni mzito, wagonjwa uwashike taratibu.

Chini ya ngazi nimeacha gogo la mwarobaini nimelianza kama bakuli, bado bichi. Joeli amenikataza nisilimalize sasa, litapasuka. Nimelichimba likiwa nene, nimelizika kwenye kiroba na maranda yake lenyewe, likauke polepole. Litachukua miezi. Sina haraka. Tupa nimeitupa.

Nasikia sauti yako na ya Mzee Awadhi hapo nje, anakwambia nywele zimependeza, na wewe unamjibu "asante babu, shikamoo" mambo mawili kwa pamoja. Naficha barua.

Kesho nakusindikiza stendi alfajiri. Mzigo wako nabeba mimi. Basi likiondoka, narudi kazini.

Baba yako,
Shomari